Kwa Miguu Jogoo Road, Nikimfuata Bwana Afya

Tononoka, Mombasa, kuna ukumbi wenye jina la Tom Mboya. Sisi wa Pwani tunaoleana humo, tunahudhuria mikutano humo, na ni wachache wanaouliza mtu huyo wa kisiwa cha Rusinga alitufanyia nini. Makuli wa bandarini wa mwaka 1955 wangejibu mara moja. Machi ya mwaka ule waligoma, meli zikalala bila kupakuliwa, na Mboya, kijana wa miaka 24, akashuka kutoka Nairobi kuketi baina yao na waajiri. Mambo yalipokwisha, mishahara ilipanda kwa asilimia 33.

Kwa hiyo nilipojikuta Nairobi kwa shughuli nyingine, nikiwa na siku ya ziada mkononi, sikwenda mbuga ya wanyama. Nilitaka kuiona mitaa iliyomlea yule kijana kisiasa. Sanamu yake nilikwisha kuiona, pale kati ya Moi Avenue na barabara inayoitwa kwa jina lake, hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi. Ilizinduliwa mwaka 2011. Ni sanamu nzuri, na miguuni pake pana ndege aina ya heroe. Lakini mtu huyo hakujifunza siasa mjini kati. Alijifunza Eastlands, kwenye nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji, na mwenyeji wangu alisisitiza kwamba huko hakuendwi kwa teksi.

Mwenyeji mwenyewe ni mzee mstaafu wa baraza la jiji, mzaliwa wa Kaloleni. Kwa miaka mingi alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na hilo amelishika kama wengine wanavyoshika dini. Tulikutana Muthurwa, kwenye kelele za makanga na marundo ya viatu vya mitumba.

"Wewe ndiye Mpwani?" aliniuliza, akinitazama viatu. "Na viatu hivyo utatembea?"

"Nitatembea, Mzee."

"Haya. Usiweke simu mfuko wa nyuma."

Tukashika Landhies Road. Hapa Nairobi ya ofisi inakatika ghafla na Nairobi nyingine inaanza: mabasi ya mashambani, magunia ya kabeji, mikokoteni inayosukumwa dhidi ya magari, na harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya mahindi ya kuchoma. Wakoloni waliupanga mji hivi kwa makusudi. Wazungu walikaa magharibi penye vilima na miti, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, na Waafrika wakapelekwa huku chini kwenye udongo mweusi wa tambarare, ng'ambo ya reli na mto. Pumwani ulianza miaka ya 1920. Kariokor ulirithi jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha ikaja mitaa ya miaka ya 1940, Ziwani, Starehe na Kaloleni, serikali ilipokubali kwa shingo upande kwamba mfanyakazi Mwafrika ana mke na watoto. Kabla ya hapo alihesabiwa kama mwanamume mmoja wa kitanda kimoja, atakayerudi kwao mkataba ukiisha.

Kwenye mzunguko wa City Stadium, uwanja ambao sasa umepewa jina la mwanasoka Joe Kadenge, tuliingia Kaloleni. Nilitarajia msongamano. Nikakuta nyumba za chini, za mawe, zimepangwa kuzunguka uwanja wa nyasi kama kijiji, na vibanda vya mabati vimechomoza ubavuni mwa kila nyumba. Mzee alisema mawe yale yaliwekwa na mateka wa vita wa Kitaliano, naye alisikia hivyo kwa baba yake. Ni kweli, mtaa huu ulijengwa katikati ya miaka ya 1940 kwa nguvu kazi yao. Mzee alizaliwa humo saruji ikiwa bado mpya.

Katikati ya mtaa kuna ukumbi. Ukiutazama hauna la ajabu: paa refu, madirisha, rangi iliyochoka. Lakini tarehe 23 Aprili 1950, kwenye mkutano wa pamoja wa Kenya African Union (KAU), chama cha siasa cha Waafrika, na chama cha Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama humu ndani akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Haukupita mwezi akakamatwa pamoja na kiongozi mwenzake Fred Kubai, na Nairobi ya Waafrika ikagoma. Makhan Singh aliwekwa kizuizini hadi mwaka 1961. Watu wa Kaloleni waliuita ukumbi huu bunge lao, nao hawakuwa na bunge jingine.

Nilimuuliza Mzee kama aliwahi kumwona Mboya humu.

"Nikiwa mtoto, nje ya dirisha. Watu walijaa mpaka huku." Akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo mama mmoja alikuwa anaanika nguo. "Alikuwa anavaa vizuri, huyo. Suti kabisa. Na alikuwa akiongea Kikamba na Mkamba, Kikuyu na Mkikuyu, halafu anarudi kwa Kiswahili, sisi wote tunasikia."

Ndimi hizo hakuzipata kwa bahati. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyeishi kama mwinyi wa kale, na ambaye mjane wake alimjengea maktaba Nairobi. Baba yake Mboya, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara humo. Mtoto wa Mluo wa Rusinga akasoma Kabaa, Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u, akaacha mwaka 1947 kwa sababu karo ilikwisha. Aliingia Jeanes School, Kabete, kwa kuwa huko mafunzo yalikuwa bure na posho ilikuwapo. Akatoka na cheti cha ukaguzi wa afya. Mwaka 1951 baraza la jiji likamwajiri: Bwana Afya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsimulia Mboya kuanzia Oxford au Marekani. Kazi ya bwana afya ni kuingia uani kwa watu. Unafungua choo, unatazama mtaro, unanusa nyama ya mchinjaji, unapima maziwa. Unaijua nyumba ambamo wanalala watu wanane, na unajua kodi wanayolipa. Ni wanasiasa wachache wa kizazi chake waliopewa na serikali ruhusa kama hiyo ya kuwagongea watu milango yao ya nyuma. Na mshahara wake ulikuwa sehemu moja ya tano ya ule wa mkaguzi Mzungu wa kazi ileile. Mwenyewe alisimulia kisa cha siku aliyokuwa peke yake maabara, akaingia bibi wa Kizungu na chupa ya maziwa, akaangaza macho chumba kizima na kuuliza kama kuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana tatizo. Bibi yule alitoka kwa hasira kwenda kushtaki.

Mzee alikijua kisa, na kilimfurahisha upya. "Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Lazima aanzishe chama!"

Naye alikianzisha. Umoja wa watumishi Waafrika wa baraza, uliokuwa wa chai na maombi, akaugeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour.

Tulivuka Jogoo Road kwenda Burma kula. Barabara hiyo zamani ikiitwa Donholm Road, na magari yake hayamhurumii mzee wala mgeni. Burma ni soko la nyama. Mbuzi wananing'inia, majiko yanafuka, na unachagua paja, linapimwa, linachomwa, linaletwa juu ya ubao pamoja na ugali na kachumbari. Vijana waliotukatia nyama walizungumza Sheng ya kasi ambayo mimi, mwenye kujivunia Kiswahili, niliikamata nusu. Mzee aliagiza mutura pia. Mimi nikaipisha, utumbo uliojazwa damu sisi hatuuli, naye akala sehemu yangu bila manung'uniko.

Tukiwa tunakula alinieleza hofu ya miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, hofu aliyoirithi kwa wazazi kuliko kuiona mwenyewe. Usiku wa 26 Novemba 1952 aliuawa Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa KAU, na mpinzani wa njia ya viapo na bunduki. Jina hili linamgusa Mpwani. Mbotela ni ukoo wa Frere Town, wazao wa watumwa waliokombolewa baharini. Ukoo wa James Juma Mbotela aliyeandika "Uhuru wa Watumwa", na wa Leonard Mambo Mbotela, sauti ya redio iliyotufunza adabu kila wiki kuanzia 1966 kwa kutuuliza kama huu ni ungwana. Mwaka uliofuata, 1953, akauawa diwani Ambrose Ofafa, kiongozi wa Luo Union.

Shiba iliposhuka tulitembea hadi mitaa yenye majina yao. Mbotela uko upande wa kusini wa barabara, ukipita Makongeni, nyumba za reli. Ofafa ni jina lililogawanywa: kuna Ofafa Maringo, kuna Ofafa Jericho, na watu wengi siku hizi husema Maringo na Jericho tu, Ofafa mwenyewe wamemwacha njiani. Tulipokuwa tukipita kwenye vichochoro vya Mbotela nilimuuliza msichana wa kioski jina la mtaa limetoka wapi. Akasema labda ni la yule mtangazaji. Hakukosea sana.

Serikali ya kikoloni ilijua ilichokuwa ikifanya ilipoandika majina hayo. Ilikuwa katikati ya vita. Mwaka 1954, kuanzia tarehe 24 Aprili, jeshi liliuzingira mji kwa Operesheni Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakaishia kizuizini. Nyumba mpya zikapewa majina ya wanasiasa wapole waliouawa, ili mpangaji akitaja anwani yake awe anachagua upande. Nimewahi kusoma kwamba Denmark ilifanya kinyume cha hayo. Corfitz Ulfeldt alikuwa mtu mkubwa wa karne ya 17: mkwe wa mfalme Christian wa Nne, kisha msimamizi mkuu wa dola kuanzia 1643. Alipogombana na mfalme aliyefuata akakimbilia Sweden, akawasaidia Waswidi vitani dhidi ya nchi yake, na kwenye mapatano ya Roskilde ya 1658 akaketi upande wa adui. Alipohukumiwa kifo akiwa mbali, nyumba yake ya Copenhagen ilibomolewa na pale pale ikasimamishwa nguzo ya jiwe iliyotangaza aibu yake. Ilisimama tangu 1664 hadi 1842. Mkewe Leonora Christina, binti wa mfalme, alifungwa mnarani karibu miaka 22. Huko waliwafanya watu wakumbuke kwa kubomoa. Nairobi walijenga, wakatoza kodi. Nilipomsimulia Mzee, alitaka kujua jambo moja tu: kiwanja kilibaki mali ya nani?

Kinachoshangaza ni jinsi mitaa hii ilivyokataa upande iliopangiwa. KAU ilipigwa marufuku Juni 1953, na hadi 1960 Waafrika hawakuruhusiwa chama cha nchi nzima. Kuanzia 1955 kila chama kilifungwa ndani ya wilaya yake. Wazee wa siasa walikuwa jela au kambini. Kilichobaki wazi ni vyama vya wafanyakazi, na wafanyakazi walilala huku. Mboya aliona mlango huo akaingia. Shirikisho lake likaandika malalamiko juu ya waliokamatwa na familia zilizofukuzwa mjini, mambo ambayo hakuna chama cha siasa kingeweza kuyasema. Aliporudi kutoka Ruskin College, Oxford, mwaka 1956, alikuwa na cha kusema na watu wa kuwaambia. Machi 1957 akamshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kiti cha Nairobi, akawa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria. Mwaka uliofuata, Desemba 1958, aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Alikuwa na miaka 28.

Jericho tulifika jua likiwa kali. Tulipita uwanja wa Camp Toyoyo, vijana wakicheza mpira kwenye nyasi bandia, tukakaa kwenye benchi la fundi viatu. Hapa palikuwa sehemu ya jimbo la Nairobi Mashariki, na hapa ndipo Mzee alipotaka kunifikisha tangu asubuhi.

"Uchaguzi wa sitini na moja," alisema. "Uandike huo."

Februari 1961 Mboya aligombea Nairobi Mashariki dhidi ya Daktari Munyua Waiyaki. Waiyaki alikuwa mtu wa jina na wa heshima, tena Mkikuyu, katika jimbo ambalo Wakikuyu walikuwa kundi kubwa kuliko yote. Wakubwa kadhaa wa KANU, chama ambacho Mboya mwenyewe alikuwa katibu mkuu wake, walitaka aanguke. Mboya alipata zaidi ya kura 30,000. Waiyaki hakufikisha 3,000. Fundi viatu, kijana wa kama miaka 30, aliinua kichwa kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona.

"Mjaluo? Huku? Na hawakuhesabu kabila?"

"Walihesabu," Mzee akamjibu. "Lakini walihesabu pia nani alipigania mshahara wao, na nani alipeleka mtoto wa jirani Amerika."

Kuhusu Amerika alimaanisha ndege. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodiwa kwenda vyuo vya Marekani, kazi ya Mboya na rafiki zake wa huko; barua za kuomba fedha zilitiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai. Karamu za kuchanga fedha za matumizi zilifanyika mitaani. Jirani alitoa shilingi zake, na mwana wa watu akaenda.

Kutoka Jericho tulipanda matatu hadi Kamukunji. Mzee alishachoka miguu ingawa ulimi ulikuwa mzima. Kwenye karakana za jua kali za Kamukunji nyundo hazinyamazi: masanduku ya bati, sufuria, majiko, mapipa yanayopasuliwa kuwa vitu vingine. Uwanja wenyewe, ambao jina lake limekuwa jina la mkutano wa hadhara popote Kenya, uliwaona wote, hadi waliodai vyama vingi tarehe 7 Julai 1990. Mbele kidogo, Digo Road, ubavuni mwa Gikomba, lipo jengo la Solidarity, makao makuu ya COTU, shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1956 Mboya alipewa dola 35,000 na vyama vya wafanyakazi vya Marekani kwa ajili ya jengo hilo.

Hapo tukakosana, kwa adabu. Mimi nilisema jengo ni ushahidi wa uhodari wake. Mzee alisema ni ushahidi wa kitu kingine. Mboya alipokuwa waziri wa kazi, Oktoba 1962, alisimamia mkataba wa mahusiano kati ya vyama, waajiri na serikali, nao ulikuwa mzuri. Mwaka 1965 serikali ambayo yeye alikuwa nguzo yake ilivunja shirikisho lake la zamani, ikaunda COTU, na rais akapewa mamlaka ya kumteua katibu mkuu kutoka kwa majina aliyoletewa. Mwaka uleule ukatoka waraka wa Sera Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, kazi ya wizara yake ya mipango, uliosema fedha zielekezwe kwanza mahali zitakapozaa haraka. Na Machi 1966, Limuru, yeye ndiye aliyepanga mkutano uliomwondolea Oginga Odinga umakamu wa chama.

"Alijua mgomo ni nini kuliko mtu yeyote Kenya," Mzee alisema. "Ndiyo maana alijua pa kuuzima."

Nilimtetea kidogo: nchi changa, wawekezaji wanaogopa, vita baridi vinagombea kila chama cha wafanyakazi. Mzee alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyewahi kuketi na mwajiri mezani, kisha akasema hayo yote ndiyo aliyokuwa akiambiwa na mwajiri. Nadhani ana haki zaidi yangu. Mboya alikuwa mjenzi wa dola kuliko mtetezi wa wanyonge, na dola aliyoijenga ilikuwa na watu wengine ndani yake.

Safari yetu ya mwisho ilikuwa fupi, hadi Race Course Road, penye kanisa la St Peter Claver. Hapa Mboya alimwoa Pamela Odede tarehe 20 Januari 1962, binti wa Walter Odede aliyewahi kuongoza KAU na kukaa kizuizini miaka mingi. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, Mboya aliuawa akitoka duka la dawa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Misa ya kumwombea ilipofanyika kwenye kanisa kuu la Holy Family, gari la Rais Kenyatta lilipigwa mawe na polisi wakarusha mabomu ya machozi. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka uleule. Oktoba kikapigwa marufuku chama cha upinzani cha Odinga. Desemba ukafanywa uchaguzi, na kiti cha Kamukunji alichokiacha Mboya kikachukuliwa na Maina Wanjigi.

"Ndiyo kwanza nilikuwa nimefikisha miaka 21," Mzee akasema. "Kura yangu ya kwanza."

Nikamuuliza alimpa nani.

"Ilikuwa ya siri," akajibu, akapungia mkono matatu ya Jogoo Road.